Tairi za theluji kwenye lami ya Mwanza: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu fowili ndogo, yaani magari madogo yanayovuta kwa magurudumu yote manne: Forester, X-Trail, RAV4 na ndugu zao. Tumezifupisha kidogo.

Nimepokea Forester SH5 kutoka Japani. Tairi zote nne bado nene na ubavuni zimeandikwa BLIZZAK na STUDLESS. Fundi mmoja ananiambia nizitoe, mwingine anasema hizo ndizo zinazoshika mvua na tope kuliko zote. Nimsikilize nani? (Msomaji, Buhongwa)

Msikilize wa kwanza. Hizo ni tairi za barafu na theluji, na gari lako huenda lilitoka mikoa ya baridi, kwa mfano kisiwa cha Hokkaido. Zamani Wajapani walitumia tairi zenye misumari ya chuma. Misumari ikawa inasaga lami na kujaza miji vumbi, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Viwanda vikaja na tairi isiyo na msumari (ndiyo maana ya STUDLESS), inayotegemea mpira laini sana pamoja na mikato myembamba mamia kwa mamia juu ya kila kashata, yaani kila donge la mpira linalokanyaga barabara. Blizzak hata mpira wake una vitundu vidogo vya kunyonya ule utando wa maji unaokaa juu ya barafu.

Mpira huo umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzijoto 7. Mwanza, hata alfajiri ya Julai ufukweni, hatufiki huko. Mchana hewa ikiwa nyuzijoto 29 au 30, lami yenyewe ina joto kali zaidi, na hapo kashata zinalegea. Ukikanyaga breki zinapinda kabla ya kushika, kwa hiyo gari linasimama mbali zaidi ya ulivyotarajia. Ukikata kona kwa kasi utasikia usukani unachelewa kidogo, kama vile upepo umepungua. Mvua ya vuli ikinyesha juu ya lami ya moto ndipo hatari inapokuwa kubwa: mikato ile ilikatwa kwa ajili ya utando mwembamba wa maji juu ya barafu, haiwezi kufukuza maji mengi ya mvua ya huku kwetu.

Kuhusu tope, fundi wa pili amedanganywa na sura. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Kwimba na Magu, unajaza ile mikato kabla gari halijazunguka gurudumu mara kumi. Baada ya hapo umevaa kipara.

Unene nao usikufurahishe. Tairi hizi zina alama mbili za kuisha. Ya kwanza ni ya kawaida, kitako cha mpira kwenye mfereji kinachofikiwa kikibaki kina cha mm 1.6, tafuta pembetatu ndogo ubavuni. Ya pili inaonyeshwa na mshale. Fuata mshale mpaka juu ya tairi utaona kitako kirefu zaidi, na kashata zikilingana nacho, tairi imetumika nusu na Japani haihesabiki tena kuwa ya theluji. Ndiyo maana zinaachwa kwenye gari la kuuzwa nje: kwa mwenyewe zimekwisha, kwako zinaonekana mpya.

Kama zimeshatembea kwenye joto, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kuelekea ndani, kisha urudi. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukikwaruza, kingo zimeanza kulala. Tazama pia herufi ya mwisho kwenye namba ya saizi. Nyingi za aina hii zina Q, maana yake mwisho wa kasi ni km 160 kwa saa. Tairi za kawaida za gari lako huja na H (210) au V (240). Hakuna anayekutuma ukimbie hivyo. Herufi hiyo ni kipimo cha joto ambalo tairi inalistahimili, na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza inapita kilomita 1,100. Kama gari lililetwa kwa kuendeshwa, tairi zako zimeshaonja.

Za kununua: SH5 nyingi zinavaa 215/65R16 98H au 225/55R17 97V. Soma kibandiko kilichopo mlango wa dereva unapofunguka, usisome tairi iliyovaliwa, kwani aliyetangulia huenda alibadilisha. Namba 98 ni uwezo wa kubeba kilo 750 kwa tairi moja, 97 ni kilo 730. Usishuke chini ya namba ya kibandiko hata muuzaji akikupunguzia bei. Kama maisha yako ni Buhongwa, mjini na lami, chukua muundo wa H/T (wa barabara za lami). A/T (wa lami na vumbi) inafaa anayeingia barabara za moramu kila wiki. Ina makelele, inakula mafuta kidogo zaidi, na nyingine hazishiki vizuri lami iliyolowa, kwa hiyo usiivae kwa ajili ya umbo tu.

Na nunua nne kwa pamoja. Kama fedha haijatimia, endelea na zile zote nne kwa muda: upepo wa kibandiko usipungue, kasi usivuke 80, usijaze mzigo, na umbali wa gari la mbele uufanye mara mbili. Kununua mbili sasa na mbili mwisho wa mwaka ni kosa lenye gharama yake, soma jibu la msomaji wa Nyegezi hapa chini.

Tairi mpya nilizoonyeshwa dukani zimeandikwa M+S. Nimesoma kwamba hizo ni za theluji. Nizikatae? (Msomaji, Magu)

Usizikatae. M+S ni tamko la kiwanda kwamba kashata zina nafasi kubwa kidogo kwa ajili ya tope na theluji, na tairi nyingi za magari ya aina ya RAV4 zinazo, hata zilizotengenezwa kwa nchi za joto. Haihitaji kupimwa. Alama inayohusu theluji kweli ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo haiwekwi mpaka tairi ipimwe kwenye theluji. Hata hapo kuna tahadhari: zipo A/T ngumu zenye mlima huo na zinafaa huku. Ukikuta mlima pamoja na herufi Q, au neno STUDLESS, au kashata zimekatwakatwa kama zimepitishiwa wembe, achana nazo.

Forester SG5 yangu ni otomatiki. Nilinunua tairi mbili mpya nikazifunga mbele, za nyuma zikabaki za zamani. Sasa nikikata kona kali taratibu, kama kuingia geti la nyumbani, gari linajizuia na kurukaruka kama breki imeshika. Fundi anasema giaboksi imekufa. (Msomaji, Nyegezi)

Bado usinunue giaboksi. Anza na chaki na futi kamba.

Kwanza uelewe kinachotokea. Kwenye otomatiki yako ya kasi nne, nguvu ya nyuma inapita kwenye pakiti ya klachi ndogo iliyo ndani ya sehemu ya nyuma ya giaboksi. Klachi hizo zinabana na kuachia kwa amri ya kompyuta. Kwenye kona kali magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo klachi lazima ziachie kidogo. Zisipoachia, mbele na nyuma vinavutana, na unachosikia ni tairi zikiburuzwa.

Sasa piga hesabu ya tairi zako. Tuseme za mbele zina kashata za mm 8 na za nyuma zimebaki mm 4. Saizi 215/60R16 ikiwa mpya ina mzingo wa karibu mm 2,087. Kila milimita moja inayolika inapunguza mzingo kwa mm 6.3, hivyo milimita nne zinapunguza mm 25. Tafsiri yake barabarani: kila kilomita moja magurudumu ya nyuma yanazunguka karibu mara 6 zaidi ya yale ya mbele, hata ukiwa umenyoosha usukani. Klachi zinasuguana safari nzima, mafuta yanaungua, mwishowe zinagoma kuachia. Mwongozo unaofuatwa kwa Subaru ni kwamba tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani mm 6.4. Kwa lugha ya kashata, ni milimita moja tu.

Namna ya kupima: tairi zikiwa baridi, jaza upepo sawasawa. Simamisha gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Weka alama ya chaki pale tairi inapogusa sakafu, kwenye tairi na kwenye sakafu. Sukuma gari polepole, bila kuwasha, mpaka alama ya tairi irudi chini kabisa. Weka chaki nyingine sakafuni na upime urefu kati ya alama mbili. Fanya hivyo kwa tairi zote nne, mtu mmoja awe anatazama tairi moja tu. Andika namba. Kubwa ukitoa ndogo ndiyo jibu lako.

Ikizidi mm 6, tafuta tairi mbili nyingine za chapa na muundo uleule wa zile mpya. Njia ya bei nafuu ni kuziacha nyuma zile mbili za zamani na kufunga mbele nyingine mbili zilizotumika za kina kilekile, kama utazipata. Wakati unatafuta, fungua boneti uangalie kisanduku cha fyuzi: SG5 otomatiki ina kishikio kitupu kilichoandikwa FWD. Chomeka fyuzi ya akiba, washa gari, na taa ya FWD itawaka dashibodini. Gari sasa linavuta mbele peke yake na klachi zimeachiwa. Kisha kata kona ileile ya getini. Kujizuia kukiisha, klachi zinaitikia amri na una matumaini makubwa. Kukiendelea vilevile, huenda klachi zimegandana au ile valvu ya umeme inayoziongoza haifanyi kazi, na hapo fundi wa giaboksi ana kazi ya kweli. Fyuzi hiyo ni ya muda, haikuwekwa ili uishi nayo.

Chomoa pia kijiti cha mafuta ya giaboksi. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, badilisha kabla ya kumhukumu mtu.

Wenye X-Trail za T30 na T31 wana njia rahisi zaidi: geuza swichi iwe 2WD, rudia kona. Lakini usiigeuze kuwa LOCK kwenye lami kavu ukafikiri unaimarisha gari. LOCK ni ya tope na mchanga.

Tairi zikishakuwa sawa, ziendelee kuwa sawa: zizungushe mbele na nyuma kila kilomita 5,000 hadi 10,000. Barabara za mawe za milimani mwetu zinakula kingo za mbele haraka kwa sababu ya kona na breki za mteremko, kwa hiyo mkazi wa Bugando au Isamilo afuate hiyo 5,000. Tairi yenye mshale wa mwelekeo ibaki upande wake wa gari.

Mwanangu anafanya kazi Montréal, Kanada. Amenunua RAV4 ya mwaka 2021 inayovuta miguu yote, ina tairi 225/60R18 za M+S. Ananiambia kwa fowili hana haja ya tairi za baridi. Mimi moyo hautulii. (Mama, Isamilo)

Shikamoo mama. Una haki ya kutotulia, na sheria iko upande wako. Jimbo la Québec linalazimisha gari la abiria lililosajiliwa huko kuvaa tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Tairi inayokubalika ni yenye ule mlima na chembe ya theluji, au yenye misumari. M+S peke yake haijakubaliwa tangu Desemba 2014.

Mwambie kijana hivi: fowili inamsaidia kuondoka, haimsaidii kusimama. Kila gari, hata Vitz, lina breki kwenye magurudumu manne. Kwenye barafu fowili yenye tairi ngumu inashika kasi kwa urahisi, dereva anajiona salama, halafu taa nyekundu inawaka. Kushika kona na kusimama ni kazi ya mpira peke yake.

Katika kuchagua, asihangaike na misumari kama anazunguka mjini, ambako barabara zinafagiliwa theluji na kumwagiwa chumvi. Misumari ina faida kwa wanaoishi njia za vijijini zenye barafu ngumu. Achukue zisizo na misumari, nne za aina moja. Akiweka mbili mbele, nyuma itachomoka kwenye kona na kumgeuza. Akiweka mbili nyuma, usukani utakataa. Isitoshe, mfumo wa kuvuta wa gari lake haupendi tairi mchanganyiko, kama alivyosoma jirani yetu wa Nyegezi.

Tunamshauri anunue pamoja na rimu zake za inchi 17, saizi 225/65R17. Toyota yenyewe inatoa RAV4 hiyo na saizi zote mbili: ya 18 ina kipenyo cha mm 727, ya 17 ina mm 724, hivyo spidomita haitapotoka. Tairi za inchi 17 kwa kawaida ni nafuu, ubavu wake mrefu unavumilia mashimo ya majira ya theluji, na kuwa na seti mbili za rimu kunaondoa kazi ya kuvua na kuvalisha mpira mara mbili kwa mwaka. Aulize mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, nati: rimu nyingi zisizo za kiwanda zinataka nati zenye kichwa cha koni, na nati za Toyota za kukaa bapa hazikai humo. La pili, vihisi vya upepo vya seti ya pili, la sivyo taa ya dashibodi itawaka majira yote ya baridi. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, Nm 103, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo nao unashuka na baridi, PSI 2 kasoro kidogo kwa kila nyuzijoto 10. Tairi iliyojazwa ndani ya gereji lenye nyuzijoto 20, ikilala nje kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, inapoteza karibu PSI 7 bila kuwa na pancha. Apime asubuhi, gari likiwa limelala nje.

Sheria inaruhusu kashata hadi mm 1.6, lakini mamlaka za huko zinashauri kuanza msimu na angalau mm 4.8. Aprili, joto likitulia juu ya nyuzijoto 7, azitoe. Akizivaa mpaka Agosti atakuwa anafanya kosa lilelile la Forester ya Buhongwa.

Nikinunua tairi za mtumba Igoma nitajuaje umri wake? (Msomaji, Igoma)

Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho zilizozungushiwa duara refu. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi imetengenezwa kabla ya 2000, mrudishie mwenyewe. Kama huoni DOT kamili, geuza tairi, iko upande wa pili.

Umri ukishapita miaka sita, kunja kashata kwa mikono miwili na utazame chini ya mfereji kwa tochi. Nyufa nyembamba kama nywele zikionekana, acha. Ingiza mkono ndani pia na upapase ubavu: mstari wa mpira uliosagika kuwa unga maana yake ilitembezwa bila upepo, nyuzi zake zimechoka, na hata ikijazwa leo itapasuka njiani. Kiraka cha ubavuni hakikubaliki hata kiwe kizuri namna gani.

Natoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita nikiwa na abiria na mzigo nyuma. Upepo nijaze kiasi gani, na ile tairi nyembamba ya akiba inafaa kwa safari? Gari ni Forester SG5. (Msomaji, Sengerema)

Kibandiko cha mlangoni ndicho bwana. Baadhi kina mstari wa gari lililojaa. Kama chako hakina, ongeza PSI 3 nyuma na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima kabla ya kuondoka nyumbani, tairi zikiwa baridi. Ukipima Geita mchana utakuta umepanda, na hilo ni sawa; usiutoe, kwa sababu asubuhi utaamka na tairi laini, na tairi laini yenye mzigo ndiyo inayopasuka. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, tairi hazipati tena ile nafasi ya kupoa kwenye foleni ya kivuko, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kina uzito zaidi. Nunua kipimo chako mwenyewe cha kalamu. Vya vituo vya mafuta vinaangushwa chini kila siku.

Tairi nyembamba inabeba kPa 420, yaani PSI 60, na kasi isizidi km 80 kwa saa. Wengi wanaikuta ina 20 kwa sababu hawajaigusa tangu wanunue gari. Kipenyo chake hakilingani na tairi zako, kwa hiyo kwenye SG5 otomatiki chomeka kwanza fyuzi ya FWD, kisha uifunge nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, hamisha tairi nzima ya nyuma ije mbele na nyembamba iende nyuma; kazi inaongezeka dakika kumi. Iendeshe mpaka kwa fundi wa pancha wa karibu, siyo mpaka Geita, na ukishafunga tairi yako usisahau kuchomoa fyuzi.